Majina ya walioilinda taa ya Chumbe yako wapi?

Mhariri,

Assalamu alaykum. Nimeisoma makala mliyoichapa kuhusu mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe na kwa jumla nimeifurahia, maana si kila siku gazeti hukumbuka kwamba Zanzibar ni visiwa. Mwandishi wenu alivipanda vidato vyote, zaidi ya 130, akahema, akapiga picha, akashuka. Ametueleza kuwa mnara ulijengwa 1904, ukatiwa mtambo wa gesi 1926, na mara tatu ameuita "mnara wa Mwingereza". Hapo ndipo tulipoachana mimi na yeye.

Kabla ya Chumbe kuwaka, mji wa Unguja ulikwisha kuwa na taa yake kubwa, na aliyeisimamisha ni Sayyid Barghash. Mnara wake ulikuwa mbele ya Beit al Ajaib, jumba alilolijenga 1883. Ulikuwa na saa, na taa zimepangwa safu kwa safu hadi juu, hata mabaharia wa Kizungu wakiutania kuwa ni mti wa Krismasi wa Sultani. Asubuhi ya 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zikaupiga mizinga pamoja na majumba ya mbele ya bahari. Vita vyenyewe havikufika saa nzima. Wengi husema dakika 38. Mnara ukavunjika vibaya ukaondoshwa, na mwaka uliofuata Beit al Ajaib ilipokarabatiwa ikatiwa mnara wa saa pale mbele, huu tulioushuhudia wenyewe ukiporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Kwa hiyo Mwingereza alianza kwa kutuzimia taa, miaka minane baadaye ndipo akatuwashia ya Chumbe. Simlaumu mwandishi. Na sisi skuli hatukusomeshwa hivyo.

Asubuhi hiyo hiyo ilizamishwa Glasgow, meli ya kifalme. Nayo ina asili yake. Kimbunga cha Aprili 1872 kilivivunja karibu vyombo vyote vilivyokuwa bandarini, vya Sayyid Barghash vikiwemo, ndipo akaagizia meli mpya Uskochi. Ilipozama, milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji mbele ya Forodhani hadi 1912, ulipokatwakatwa mzoga wake. Miaka 16 kila nahodha anayeingia bandarini akiipita ile milingoti. Miaka miwili tu baada ya kuondoshwa, Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ikaja alfajiri kutoka upande wa Rufiji ikaikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga, inatengenezwa mashine, ikaizamisha hapo hapo. Mabaharia wake wamezikwa kisiwa cha Chapwani. Makaburi yao yana majina, yanasomeka mpaka leo. Naomba msomaji aliweke hilo akilini.

Maana sasa nakuja kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mjenzi wa mnara wa Chumbe tunamjua: serikali ya Kiingereza. Aliyebuni mtambo wa gesi wa kampuni ya AGA tunamjua pia, ni Gustaf Dalén wa Sweden. Alitengeneza kifaa cha ajabu, fimbo nyeusi inayopokea mwanga wa jua. Jua likiipiga, fimbo inapata joto, inarefuka na kubana njia ya gesi. Jua likichwa inafupika, gesi inapita, na kimoto kidogo kisichozimika kinaiwasha taa kubwa. Mwaka 1912 mripuko wa gesi ulimpofua macho, na mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel. Mtu aliyewaondolea wengine kazi ya kuwasha taa usiku akamaliza umri wake haoni mwanga wowote.

Lakini pale Chumbe, nani aliyekuwa akipanda juu kufuta chumvi kwenye vioo wakati wa kusi? Nani aliyekuwa akiipokea mitungi na kuibeba kutoka ufukweni? Makala yenu imesema "walinzi wa mnara" mara moja, kisha ikarudi kwenye mandhari. Walinzi hao wamejengewa nyumba, ambayo leo imefanywa kituo cha wageni wa hifadhi, na wamejengewa msikiti mdogo ambao bado umesimama. Watalii wanausifia ujenzi wake wa Kihindi. Mimi nikiutazama nawaona watu wawili watatu wakisali Isha peke yao, mawimbi yanapiga mawe, na pwani ya Unguja ni mstari mweusi tu.

Kisiwa kile hakina kisima cha maji matamu. Ni mawe matupu na msitu. Marehemu babu yangu, mzaa mama, alikuwa na ngalawa hapa Chukwani, na alikuwa akisimulia kwamba wakati wa bamvua alikuwa akivuka na madebe ya maji, mchele, na barua kama zipo. Malipo yake aghlabu yalikuwa samaki wa kukausha. Siku moja kusi ilimzuia siku sita asiweze kuvuka, na alipofika akamkuta mlinzi amekaa juu ya jiwe, hakumwambia karibu wala hakumuuliza habari, akachukua debe akanywa, kisha akasema tu: "Umechelewa, bwana." Babu alikuwa akicheka kila akifika hapo. Bibi hakuwa akicheka. Nami sikuwahi kumuuliza mlinzi huyo aliitwa nani, na hiyo ndiyo hasara ninayoilalamikia, kwanza nafsi yangu.

Kuna faida nyingine ya taa ile ambayo mwandishi aliigusa nusu. Kwa kuwa Chumbe ipo ubavuni mwa njia ya meli, na upande wa Chukwani kulikuwa na eneo la jeshi, kwa miaka mingi wavuvi hawakuruhusiwa kuvua mwambani kule. Ndiyo maana matumbawe yake yalisalimika hata pakatangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1994. Waliofanywa walinzi wa hifadhi hiyo ni wavuvi wa vijiji vya jirani, tena wakafundishwa wao kuwaeleza wenzao. Kisiwa kile, basi, hakijapata kukosa mtu wa kukilinda kutoka pwani hii yetu.

Sasa nije kwenye sentensi iliyoniudhi hasa. Mwandishi anasema kwamba kama minara yetu ingetunzwa vizuri, "tusingelilia misiba ya baharini ya miaka ya karibuni". Hapana, bwana. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 mbele ya Nungwi, ikielekea Pemba. Haikupanda mwamba. Ilikuwa na kibali cha watu wasiozidi 700, na tume ya uchunguzi ikaja kusema walikuwamo zaidi ya 2,000. Meli ya Skagit, iliyokuwa ikivusha abiria kule Seattle kabla ya kuletwa huku, ilipinduka tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe, naam, Chumbe hiyo hiyo, lakini ilikuwa mchana kweupe, upepo wa kusi umepamba na bahari imechafuka. Mnara ulikuwa ukionekana na kila mwenye macho. Taa humwambia nahodha mwamba uko wapi. Haihesabu tiketi, wala haimzuii mtu kung'oa nanga siku isiyofaa. Waliopoteza ndugu zao, nami nina jirani miongoni mwao, hawastahiki kuambiwa sababu ilikuwa taa.

Zipo ajali ambazo taa ni dawa yake, na hizo ndizo zilizowafanya watu wa zamani wajenge. Meli ya kutandaza waya za simu, Great Northern, ilipanda mwamba karibu na mji mwaka 1902, na hadi leo wapiga mbizi wanakwenda kuuangalia mzoga wake. Kwa ajali kama hizo mwandishi angeweza kujenga hoja yake vizuri zaidi.

Ninachokiomba si kikubwa. Wenye kusimamia bandari na wenye kusimamia mambo ya kale wakae pamoja, yatafutwe madaftari ya mishahara na ya zamu kwenye nyaraka za serikali pale Kilimani, na majina ya walinzi yaandikwe kwenye kibao pale Chumbe, kwa Kiswahili, mlangoni mwa msikiti au kwenye ukuta wa nyumba yao. Kisha iwe hivyo hivyo Nungwi, ambako mtaa mzima unaitwa Mnarani na watoto wanaocheza humo hawajui mnara ulilindwa na nani, na kule Ras Kigomasha, Pemba, kwenye mnara wa chuma ambao mgeni anaupanda kwa kumlipa mlinzi shilingi kidogo. Huyo wa Kigomasha yupo hai, kuulizwa kwake hakuhitaji tume.

Na wazee wapo, ila si wengi. Hapa Chukwani na Buyu nawajua watatu ambao baba zao au ami zao walipata kukaa Chumbe kwa zamu. Mmoja hasikii vizuri, lazima uketi upande wake wa kulia na useme polepole. Mwandishi wenu akitaka, aje tufuatane, nitampeleka nyumba kwa nyumba. Asije asubuhi, huwa nimo shambani. Aje baada ya Alasiri, na aje na daftari.

Mwalimu mstaafu,
Chukwani, Unguja