Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bodi za Kujaza Upepo au Bodi Ngumu?

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na mambo ya leseni na usafi wa ufuo katibu ameshayaandika. Mimi nimebakiza moja linalohitaji kura yenu: bodi za kusimama na kupiga kafi tutakazonunua kwa pamoja ziwe za kujaza upepo au ngumu? Kamati inaona kwamba kwanza tuulize bodi italala wapi na nani ataitunza. Maji yafuate baadaye.

Kwenye maji, bodi ngumu inashinda, tusidanganyane. Ndani ni povu jepesi la polistireni, nje imevikwa faiba na epoksi. Inateleza vizuri, inashika njia, na miguu ya mtu iko karibu na maji. Ile ya upepo yenye unene wa sentimita 15 inakaa juu juu, na kaskazi ikishika kasi mchana inamsukuma mgeni upande hadi mikono inachoka kabla hajageuka.

Tatizo ni kwamba hapa Diani, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yakipwa miamba inatokeza kila mahali, na bodi ngumu ndiyo inayoumia. Ufa usiozidi ukucha unatosha kupitisha maji mpaka kwenye povu. Bodi inaendelea kuelea kama kawaida, ila kila wiki inazidi kuwa nzito na hakuna anayejua kwa nini. Ukiuona ufa, usiirudishe majini. Iweke kivulini siku kadhaa, ufa ukiangalia chini, mpaka isidondoshe tena maji. Kisha piga msasa, weka faiba na epoksi. Ile gundi ya poliesta wanayokarabatia maboti msiiguse kabisa: inayeyusha polistireni, shimo linapanuka kwa ndani huku juu linaonekana limeziba.

Bodi ya upepo haiogopi mwamba kiasi hicho. Malalamiko mliyotuletea ni mengine, na mengi si kosa la bodi.

“Haijai.” Mshale wa pampu ya mkono hausogei mpaka bodi ianze kukaza, na wengi huacha hapo hapo wakidhani kipimo kimekufa. Endelea hadi PSI 15 (PSI ndicho kipimo cha mgandamizo wa hewa ndani ya bodi). Bodi yenye PSI 7 au 8 inaonekana imejaa, lakini akipanda mtu wa kilo 90 inapinda katikati na maji yanamlowesha miguu.

“Inavuja.” Anza na valvu. Kabla ya kujaza, kibonyeze kile kipini cha katikati na ukizungushe mpaka kiruke juu. Kikibaki chini, ukichomoa mpira wa pampu upepo wote unatoka kwa kishindo. Punje moja ya mchanga chini ya washa, kile kiduara cha mpira cha valvu, nayo inatosha kuilegeza bodi usiku kucha. Safisha kwa maji baridi, si ya chumvi, kaza valvu kwa ufunguo wake, kisha paka maji ya sabuni utafute mapovu. Pancha ya kweli inazibwa bodi ikiwa haina upepo: futa kwa asetoni, paka gundi ya PVC tabaka mbili nyembamba kwenye bodi na kwenye kiraka, subiri zikaribie kukauka, bandika, kandamiza, acha saa 24. Solushoni ya baiskeli haishiki PVC, hata fundi akikuapia.

“Mshono umeachia.” Hapa kosa ni letu sote. Bodi iliyojazwa PSI 15 asubuhi kwenye nyuzijoto 28, ikiachwa juani mpaka hewa ya ndani ifike 60, inapanda hadi PSI 18 hivi, na joto hilo hilo linalainisha gundi ya kingoni. Isiyo na mteja iwekwe kivulini, au ipunguzwe hadi PSI 10.

Mapezi, yale ya chini ya bodi yanayoishikia njia: lile refu la sentimita 23 likigonga mwamba kwenye bodi ngumu, mara nyingi kisanduku chake kinapasuka, na hiyo ni kazi ya faiba tena. Maji machache, pezi fupi. Na wanaopeleka wageni mdomo wa mto Mwachema wafunge kamba ya kumuunganisha mtu na bodi, ile ya kiunoni yenye kifungo cha kuachia haraka. Ya kifundo cha mguu ikinasa kwenye mikoko wakati maji yanatoka, mtu hawezi kuinama aifikie.

Pendekezo la kamati: bodi ngumu chache, kwa wenye mabanda ufuoni tu, na kwa wateja wanaojua. Nyingine zote ziwe za upepo, maana bodi ngumu ya mita tatu na zaidi haiingii kwenye matatu wala tuktuk, na mwanafunzi akiiangukia ya upepo haimuumizi sana. Ziwe na unene wa sentimita 15. Za sentimita 10 ni za watoto na watu wepesi. Tununue pia pampu ya umeme ya volti 12, kipimo cha upepo kisichotegemea pampu, na funguo mbili za valvu, kwa kuwa moja hupotea.

Anayepinga aje na bei ya kukarabati pamoja na ya kununua. Kura itapigwa mara tu hesabu zikishasomwa.