Barua kwa vijana wa Amu (Lamu) mnaobishana juu ya kodi

Wanangu wa Langoni na Mkomani, na nyinyi wa Faza na Kizingitini mnaovuka kuja mjini kutafuta riziki, assalamu alaykum.

Mabishano yenu juu ya kodi yamefika mahali ambapo mtu mzima hawezi kunyamaza. Wenye mishahara mnasema nyinyi ndio mnaolipa na wengine ni kula tu. Siku hizi nasikia hata wazee wanaopokea fedha za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, wakiitwa mzigo. Neno hilo limeniuma sana, na kubwa zaidi ni kwamba halina ukweli.

Malalamiko yenu wa mishahara nayakubali. Anayepata shilingi 50,000 kwa mwezi hukatwa 1,375 za SHIF, ile bima ya afya ya serikali, yaani asilimia 2.75, na 750 za nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, mbali na PAYE, kodi ya mshahara, na NSSF, akiba ya uzeeni. Mtu akatwe hivyo, kisha mama yake alazwe na aambiwe dawa akanunue nje, lazima aulize fedha zake zimekwenda wapi. Ulizeni, na msichoke kuuliza.

Lakini bibi wa miaka 70 anayepokea 2,000 za Inua Jamii kwa mwezi naye hulipa. Akinunua sabuni ya 116, 16 ni za VAT, kodi inayotiwa ndani ya bei ya bidhaa. Sukari ni hivyo hivyo, na vocha ya simu ina ushuru wake juu ya VAT. Hana hati ya mshahara inayoandika alichotoa, basi hakuna anayemhesabu. Tajiri naye akinunua sabuni ile ile hutoa 16 zile zile.

Sasa njooni kwenye petroli, maana hapo ndipo pana dhuluma ambayo sisi watu wa visiwani tunaijua kuliko mtu mwingine yeyote Kenya. Katika kila lita mna ushuru wa kutengeneza barabara. Ulikuwa shilingi 18, na Julai 2024 ukapandishwa hadi 25. Nahodha wa Kizingitini akijaza mtungi wa lita 20 kwenda kuvua, ametoa 500 za barabara kabla hajatia mashine majini. Barabara gani? Njia yake ni mkondo na miamba. Akirudi mikono mitupu, hakuna anayemrudishia hata senti. Juu ya hizo kuna VAT, ambayo Julai 2023 iliruka kutoka asilimia 8 hadi 16 kwa mafuta yote. Na mkewe akipanda boti kuja hospitali ya King Fahd, nauli imeshabeba ushuru ule ule. Barabara ya Mokowe hadi Garsen naipita, na lami ile naishukuru, wala sisemi tusichangie. Nasema anayeyachoma mafuta yake yote baharini asitozwe kama mwenye lori.

Mnaijua zaka. Ina nisabu: ambaye mali yake haikufika kiwango hatozwi, na anayepokea anapokea haki yake, wala hapaswi kuinamishwa kichwa. VAT haina nisabu. Inamgusa mwenye hoteli ya Shela na mchukuzi wa punda kwa kiwango kimoja. Ndiyo maana serikali inapomrudishia mzee 2,000, msione kama sadaka iliyotoka mifukoni mwenu. Mzee yule amelipa maisha yake yote, tangu kodi hii haijaitwa VAT mwaka 1990.

Mfano mwingine ni SHIF yenyewe. Asiye na mshahara anapimwa hali yake, kima cha chini ni 300 kwa mwezi, na anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Aliyepanga hivyo hakufikiria kusi, msimu wa upepo mkali. Mvuvi hana mwaka uliolingana: kaskazi bahari imetulia na fedha ipo, kusi boti ziko juu mchangani na watu wanakopa dukani. Akiruhusiwa kulipa katika miezi ya kaskazi, wengi watalipa kwa hiari yao. Akidaiwa katikati ya kusi hatalipa, na atakosa matibabu.

Upande wa pili nao tuuseme, hata kama hautufurahishi. Mnapenda kusema Lamu hatupewi kitu. Mwaka wa fedha wa 2021/22 kaunti zote 47 ziligawiwa bilioni 370, na Lamu ikapata kama bilioni 3.1, mgao mdogo kuliko wa kaunti yoyote. Lakini sensa ya 2019 ilituhesabu watu 143,920. Kama fedha zile zingegawiwa kwa vichwa tu, kama walivyotaka wale waliosema Seneti mwaka 2020 "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja", tungeambulia bilioni 1.1 hivi. Tunapata zaidi kwa kichwa kuliko mtu wa Nairobi, na kwa haki, kwani kumfikisha mgonjwa kutoka Kiunga hospitalini si sawa na kumvusha mtaa. Ila mkilijua hilo, mtajua pia kwamba fedha fulani zimeshafika hapa, na swali lenu la kwanza liulizwe hapa hapa kaunti: zimefanya nini?

Ibara ya 201 ya Katiba inataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na wananchi washirikishwe. Mswada wa Fedha, ule wa kodi za mwaka, huwa umefika Bungeni Aprili ikimalizika, kisha kamati huita maoni ya maandishi. Msingoje mwezi huo ndipo mkimbizane. Andikeni mapema kurasa mbili tu: mafuta ya boti za uvuvi na abiria yasitozwe ushuru wa barabara kama ya lori, na malipo ya SHIF yafuate misimu. Wenye mishahara mnajua hesabu, kaeni na manahodha mwandike lita wanazotumia kwa wiki na risiti zao. Na mwandike kwa Kiswahili, maana kwa Ibara ya 120 ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Sahihi yangu mnayo, na za wazee wenzangu nitazunguka mwenyewe kuzitafuta.

Wassalamu alaykum.

Mzee wenu, Langoni, Amu