Tufundishe mshale wa mnyororo wa chakula kabla ya majina ya wanyama

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wenzangu, wazazi na watungaji wa mitihani ya majaribio kuhusu mada moja ya sayansi ya shule za msingi, nayo ni mnyororo wa chakula, yaani mpangilio unaoonyesha kiumbe yupi huliwa na yupi. Mada hii huonekana nyepesi kwa sababu wanafunzi wengi huweza kutaja kwa mpangilio nyasi, panzi, chura, nyoka na mwewe bila kusita, lakini swali likigeuzwa kidogo tu, hao hao hupoteza alama. Ninaamini kwamba tatizo haliko katika uzito wa mada wala katika uvivu wa watoto. Tumewakaririsha majina ya wanyama, na hatukuwafundisha kusoma mshale uliopo kati ya jina moja na jingine.

Mshale katika mnyororo wa chakula huonyesha chakula kinakokwenda, pamoja na nishati iliyomo ndani yake. Mtoto ambaye hakuelezwa jambo hili huuchora kutoka kwa panzi kwenda kwenye nyasi, kwa kuwa anajua fika kwamba panzi ndiye anayezifuata nyasi na kuzila. Fikra yake ina mantiki, na kwa sababu hiyo haiondoki kwa kuwekewa alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Njia inayosaidia ni kumzoeza kusoma kila mshale kwa sauti kwa maneno "huliwa na": nyasi huliwa na panzi, panzi huliwa na chura, chura huliwa na nyoka. Akiisoma sentensi na kuona haileti maana, atajua mwenyewe kwamba mshale umegeuka, hata pale ambapo mwalimu hayupo. Nawasihi pia walimu wavikague vitabu vya mazoezi vinavyouzwa mitaani kabla ya kuvitumia darasani, kwani vimo ambavyo mishale yake imechorwa kinyume, na mtoto huamini kilichochapishwa kuliko alichosikia.

Eneo la pili la makosa ni kuhesabu walaji. Mwanafunzi akiulizwa mlaji wa pili ni yupi, huhesabu kuanzia mwanzo wa mstari na kumtaja panzi, ilhali nyasi ni mzalishaji, yaani hujitengenezea chakula, na hazihesabiwi miongoni mwa walaji; mlaji wa pili ni chura. Wengine huanza na jua, kwa sababu wamesikia kwamba jua ndilo chanzo cha nishati. Ni kweli jua ni chanzo cha nishati hiyo, lakini si kiumbe hai wala haliliwi na yeyote, na kiumbe wa kwanza katika mnyororo wa kawaida ni mmea unaotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Swali la chanzo cha nishati na swali la kiumbe wa kwanza yana majibu tofauti, na mtoto anapaswa kuisikia tofauti hiyo mapema.

Sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria tuna mfano mzuri kuliko wote wa kufundishia hesabu hii, nao ni sahani ya ugali na dagaa. Mtoto anapokula ugali yeye ni mlaji wa kwanza, kwa kuwa mahindi au muhogo ni mzalishaji. Anapokula dagaa, hali hubadilika: mimea midogo sana ya majini, ambayo macho peke yake hayawezi kuiona, huliwa na wanyama wadogo wanaoelea majini, wanyama hao huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na mtoto, ambaye sasa ni mlaji wa tatu. Kama kitoweo ni sangara aliyemla dagaa, mtoto huyo amekuwa mlaji wa nne, na bado hajainuka kutoka kwenye mkeka. Kwa mfano huu mwanafunzi huelewa kwamba ngazi ya mlaji haikuandikwa kwenye mwili wa kiumbe, bali hutegemea amekula nini, na kwamba binadamu naye yumo ndani ya mnyororo. Hilo la mwisho watoto wengi hawalifikirii, kwa kuwa michoro yetu mingi huishia kwa mwewe au simba.

Yako pia maswali ya "nini kitatokea iwapo", ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote. Swali likisema chura wote wametoweka, wanafunzi wengi hujibu kwamba wanyama wote watakufa. Waelekezwe kuweka kidole juu ya aliyetoweka, kisha wamtazame aliye kabla yake na aliye baada yake. Panzi, ambaye alikuwa akiliwa na chura, ataongezeka. Nyoka, ambaye alikuwa akimtegemea chura, atapungua. Baada ya hapo ndipo wasogee hatua nyingine: panzi wakiongezeka, nyasi zitapungua. Watoto wa wakulima wa mpunga huielewa hoja hii haraka pale mfano unapokuwa wa mpunga, panya na bundi, kwa sababu wamewaona panya wakiharibu mazao, na pengine wamewaona watu wakimuua bundi kwa kumwogopa. Mwalimu akiuliza nani atafaidika bundi wa eneo lile wakiuawa wote, darasa huwa na mengi ya kusema, na majibu yao huwa na sababu ndani yake.

Hapa pana tahadhari moja ambayo haifai kupuuzwa. Katika maisha halisi nyoka aliyekosa chura anaweza kula panya, na mwanafunzi mwerevu anaweza kukataa kwamba nyoka watapungua. Afundishwe kwamba swali lenye mnyororo mmoja hujibiwa kwa mnyororo huo uliochorwa, lakini swali lenye utando wa chakula, yaani minyororo kadhaa iliyoungana, linamtaka aangalie kama mlaji ana chakula kingine. Ziwa letu limetupa somo hili kwa gharama kubwa. Sangara hakuwa samaki wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno. Furu, samaki wadogo wa ziwa hili walioliwa na sangara na ambao walikuwa wa aina mamia, walipungua kwa kasi na aina nyingi zikatoweka kabisa. Anayejibu kwa kuangalia mnyororo mmoja angetabiri kwamba sangara naye angekwisha baada ya kumaliza furu. Haikuwa hivyo, kwa sababu sangara aligeukia uduvi (kamba wadogo sana), dagaa na hata watoto wa sangara wenzake. Uduvi wenyewe waliongezeka baada ya kupungua kwa wale furu waliokuwa wakila mabaki yaliyooza chini ya ziwa. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kabisa kuuchora utando huo na kuufuata mshale kwa mshale, na akishaufuata hatababaishwa na utando wowote atakaokutana nao kwenye karatasi ya mtihani.

Kwa shule zilizo mbali na ziwa, Serengeti ina mfano unaofaa vilevile. Ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, uliua ng'ombe na nyumbu kwa wingi, na ng'ombe walipochanjwa ugonjwa huo ukawaachia nyumbu pia. Idadi yao ilipanda kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya 1,000,000 katika miaka ya 1970. Nyasi zililiwa zaidi, moto ukakosa nyasi kavu za kuunguza, na miti michanga ikapata nafasi ya kukua. Simba na fisi nao walipata mawindo zaidi.

Kuhusu swali la kwa nini mnyororo hauna viungo vingi, jibu ni fupi ila linahitaji kuelezwa. Kiumbe hutumia sehemu kubwa ya nishati aliyokula kwa kupumua, kutembea na kuendesha mwili wake, na nyingine hupotea kama joto au hutoka na kinyesi, hivyo anayemla hupata takriban sehemu 1 kati ya 10 tu. Ndiyo maana nyumbu ni wengi na simba ni wachache. Bakteria na kuvu, ambao huozesha mizoga na majani na kuurudishia udongo virutubisho, wasisahauliwe kwa sababu tu hawana nafasi katika mstari tuliozoea kuuchora.

Walimu wanaotaka kuona wanafunzi hukosea wapi wasome taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa kuwa zinaonyesha jinsi watahiniwa walivyojibu na kueleza kwa nini baadhi yao walivutwa na majibu yasiyo sahihi. Kwa watungaji wa mitihani ya majaribio ya kata na wilaya nina ombi moja mahususi. Mnapoandaa swali la mnyororo wa chakula, wekeni angalau sehemu moja inayomtaka mwanafunzi aandike sababu ya jibu lake kwa sentensi moja, na sababu hiyo ipewe alama yake. Mtoto anayeandika "panzi wataongezeka kwa sababu chura aliyekuwa akiwala hayupo" ameelewa, na mwalimu atakayeisoma sentensi hiyo atajua bila kubahatisha kama aende mbele na mada au arudie mshale.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa sayansi, shule ya msingi,
Mwanza