Mfano wa chombo ufuate chombo chenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee wanaotumia saa zao za mapumziko kuunda vyombo vidogo vya matanga kwa mbao, kwani wengi huwaona kuwa wanachezea vibao tu. Mtepe, chombo cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) bila misumari na kuendeshwa kwa tanga la mraba la mkeka, hauundwi tena kwa biashara. Na ule wa ukubwa kamili ulioundwa Unguja mwaka 2003 uliwekwa katika makumbusho ya Beit el-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Hapo ndipo thamani ya mifano midogo inapoonekana.

Lakini mfano wenye manufaa ni ule unaofuata kazi yenyewe. Mimi huanza na mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, kisha hushona mbao za ubavuni, ndipo nitie mataruma, yaani mbavu za ndani, ambayo huyachonga katika vijiti vilivyopinda vyenyewe, maana kilichopindwa kwa nguvu hutaka kunyooka na kulegeza mishono. Majahazi kadhaa niliyoyaona madukani (wauzaji siwalaumu, nao wana watoto wa kulisha) yana mlingoti ulioinamia tezi (nyuma), ilhali mlingoti wa jahazi huinamia omo (mbele), ili foromali, mti unaofungiwa tanga, ipate nafasi ya kuzungushwa mbele yake tanga linapogeuzwa.

Ningeomba makumbusho zetu ziwaruhusu waundaji kupima mifano ya zamani iliyohifadhiwa humo, na michoro yake ichapishwe kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu.

Mpenzi wa vyombo,
Mombasa