Gundi ni ya asili, mirija si ya asili

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kusambaza mirija ya nano ya kaboni (vijirija vya kaboni vyembamba mno visivyoonekana kwa macho) ndani ya maji kwa gundi ya mgunga, yaani gamu arabiki, ilinifurahisha mpaka pale mwandishi alipodai kuwa mchanganyiko huo ni salama kwa sababu gundi hutoka mtini. Hapo karuka hatua kubwa.

Kazi yenyewe siibezi. Mrija wa ukuta mmoja, yaani wa tabaka moja tu la kaboni, una kipenyo cha karibu nanometa 1 (sehemu moja ya bilioni ya mita), haupatani na maji, na ukigusana na mwingine hung'ang'aniana ubavu kwa ubavu. Tia unga wake ndani ya maji matupu, tikisa uwezavyo. Muda si mrefu weusi wote umetuama chini. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kuwa gamu arabiki huizuia mirija isirudiane: molekuli zake ndefu huivaa na kuiweka mbalimbali, maji yakabaki meusi kama wino. Tanini, ile kemikali chungu ya kwenye chai na magome ya miti, nayo inaweza. Ila gundi haifanyi kazi peke yake. Kinachovunja mafungu ni mawimbi ya ultrasauti, yaani sauti ya juu mno isiyosikika kwa sikio, na yakizidi huikata mirija vipandevipande. Makala haikuligusa hilo, na kwa anayetaka mirija mirefu ya kupitisha umeme ni hasara tupu.

Turudi kwenye usalama. Gundi hiyo tunaila kwenye peremende, sikatai. Lakini kuivisha mirija gundi hakuigeuzi kuwa chakula. Mwaka 2008 panya walidungwa tumboni mirija mirefu ya kuta nyingi, wakavimba ndani na kupata vidonda vya aina ileile inayoletwa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu. Aina moja ya mirija hiyo ya kuta nyingi, iitwayo MWCNT-7, imewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwenye kundi 2B, la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Kweli, mirija iliyolowa haipeperuki kama unga mkavu, na hiyo ni nafuu kwa mapafu ya wanaoishughulikia.

Mto je? Mwaka 2007 mirija ya kuta nyingi ilitiwa kwenye maji yenye mabaki ya mimea kutoka mto Suwannee, Marekani, ikaelea zaidi ya mwezi. Vitu vya asili vinavyosifiwa maabara ndivyo vinavyoweza kuibeba mbali ikishamwagwa.

Mkiandika tena, tuelezeni maji meusi yanayobaki baada ya jaribio yanapelekwa wapi.

Msomaji wenu