Mbele ya jina langu kuna sifuri

Shikamoo Shangazi,

Ni saa tisa usiku na usingizi umenikataa. Nimetoka zamu ya jioni kule kwa wazee saa tano, tangu hapo niko jikoni na chai imepoa.

Kwanza ujue sikuwa napekua. Nilikuwa natafuta karatasi za kodi kwenye faili la jeshi la mume wangu, lile analobeba kila tunapohamishwa, ndipo nikakutana na karatasi ya kugawa miezi ya GI Bill, ile miezi ya kusomeshwa chuo ambayo serikali humpa askari naye anaweza kumgawia mke au mtoto. Miezi yote 36, yaani miaka 4 ya chuo, kaandikiwa mtoto. Mbele ya jina langu kuna 0. Si kwamba jina halipo, Shangazi. Lipo, limeandikwa vizuri kabisa, halafu sifuri.

Wewe unatujua sisi wake wa askari huku Marekani. Nilianza uuguzi North Carolina, chuo cha jamii, tukahamishwa. Tulikokwenda wakanikubalia nusu tu ya masomo niliyofaulu, tukahamishwa tena, sasa tuko Killeen. Kila mara ananiambia, vumilia mke wangu, miezi yangu ni yako, utasoma mpaka uchoke. Yeye digrii yake kaipata akiwa kazini, jeshi likimlipia hadi dola 250 kwa kila krediti. Jioni anasoma, mimi niko kwa wazee nawabadilisha nepi. Sikulalamika hata siku moja, muulize.

Mtoto si wa tumbo langu, na mimi sijajaliwa. Alikuja kutoka Mombasa ana miaka 11, Kiingereza cha huku hakijui, mimi ndiye niliyekaa naye mezani usiku. Ananiita mama. Kwa hiyo mtu asiniletee maneno ya mama wa kambo. Mwezi wa tano anamaliza sekondari na nataka aende chuo, tena chuo kizuri.

Hesabu za baba yake nazijua, nimemsikia akiwaeleza wenzake. Mume akiwa bado jeshini, mke anayesomea miezi hiyo hapewi posho ya nyumba, ila mtoto anapewa, kwa kiwango cha sajini mwenye familia. Na vitabu hadi dola 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mtoto ana faida zaidi. Sawa. Lakini si anatoka jeshini mwezi wa tatu? Akitoka, kizuizi hicho kwangu kinaisha. Halafu ili akubaliwe kugawa ilibidi aahidi miaka 4 zaidi ya utumishi. Hiyo miaka 4 nimeitumikia na mimi. Mwaka mmoja kati ya hiyo yeye alikuwa Korea Kusini, huku tumebaki mimi na mtoto.

Na kumbe wifi yangu anajua! Jumapili nimempigia kumjulia hali, akasema alhamdulillahi, baba yake kampa mtoto yote. Yote. Nikaitikia alhamdulillahi kama mtu aliyekuwa na habari.

Dada yangu anasema mume anayekuandikia sifuri ana safari yake. Eti talaka ikitoka mahakama haiigawi miezi hiyo, kwa hiyo kajihami mapema. Mimi sikubali. Mshahara wake unaingia kwenye akaunti yetu wote wawili, hajawahi kunitukana, nikiumwa ananipikia uji. Lakini basi kwa nini 0? Hata mwezi mmoja?

Na huo mwezi mmoja si mdogo. Akishatoka jeshini hawezi tena kumwongeza ambaye hakuandikiwa kitu. Ila aliyeandikiwa japo 1 kabla hajatoka anaweza kuongezewa baadaye, mtoto akipata ufadhili au akibakisha. Hazlewood, ule msamaha wa ada ya chuo kwa askari wa hapa Texas, hautusaidii, yeye aliingia jeshini akitokea Maryland. Zile dola 4,000 za kuwasomesha wenza wa askari ni za walio na askari wa vyeo vya chini, na tulipokuwa huko chini sikujua kama zipo.

Sijamwambia kwamba nimeona. Siku ya kumi leo nampikia, namfulia magwanda, nanyamaza. Nikisema, ataniuliza nilikuwa natafuta nini kwenye faili. Nikimwomba mwezi 1, nitakuwa naomba sadaka ya kitu nilichoahidiwa chote. Nishauri, niombe huo mwezi kama jambo la karatasi tu, au nimuulize kwanza alifikiria nini alipofika kwenye jina langu? Kuna usiku nasema mwache, nitakopa, nina miaka 38 bado nina nguvu. Kuna usiku nataka nusu, 18, haki yangu. Halafu namkumbuka mtoto na begi lake la Mombasa, naona aibu. Leo nataka tu aifute ile sifuri mwenyewe, bila mimi kumwambia.

Tafadhali usinijibu nisamehe. Hajaniomba msamaha, hajui hata kama kuna kosa.

Karatasi nimeirudisha pale pale nilipoikuta, nyuma ya cheti chetu cha ndoa. Imebaki miezi miwili.

Mke wa askari,
Killeen, Texas