Kuwaombea salmoni fedha si kuwanyima watu nyumba

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia, lakini taarifa yenu ya mwezi uliopita, kuhusu wajumbe waliokwenda Washington, D.C., kuomba fedha za kurejesha makazi ya salmoni, samaki wanaozaliwa mitoni, wakaenda kukulia baharini na kurudi mitoni kutaga mayai, imenikera hata nikashindwa kunyamaza. Mwandishi wenu aliieleza safari ile kana kwamba ni matembezi, kisha akauliza kwa nini samaki wahudumiwe ilhali sisi wahamiaji wa Tukwila na Kent, miji ya Jimbo la Washington, tunaelemewa na kodi za nyumba.

Fedha hizo hazijileti zenyewe. Mfuko wa Kufufua Salmoni wa Pwani ya Pasifiki, ambao Bunge la Marekani liliuanzisha mwaka 2000, hutegemea bajeti ya kila mwaka, na asiyekwenda kubisha hodi hukuta zimekwisha kugawanywa. Bwawa la Howard Hanson, katika mto wetu wa Green, lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 bila njia salama ya kuwashusha vifaranga wa salmoni kuelekea baharini. Dola milioni 220 za kuitengeneza njia hiyo zilitengwa mwaka 2022. Aidha, makabila ya wenyeji asilia yaliyotia saini mikataba ya 1854 na 1855 yalihakikishiwa haki ya kuvua, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiacha isimame amri inayolitaka jimbo kurekebisha makalavati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, yanayowazuia samaki kupanda mito. Hilo ni deni, na anayetafuta fedha za kulilipa haombi hisani.

Oktoba iliyopita, baada ya mvua ya kwanza, niliwakuta watoto wa majengo yetu ya kupanga wamesimama kando ya kijito wakimtazama salmoni jike wa aina ya koho, aliyerudi kutoka baharini, akizunguka juu ya maji huku mdomo ukiachama, mpaka akafa tumbo likiwa bado limejaa mayai. Nilipiga simu ofisi moja nikaambiwa kijito si chao. Nikaelekezwa ofisi nyingine, nayo ikasema barabara si yao. Na wa tatu akaniuliza, kwa sauti ya kunionea huruma, kama ninahitaji msaada wa chakula. Sikuhitaji chakula, Mhariri. Nilitaka mtu aje aone jambo ambalo wanasayansi wa jimbo hili walikwisha kulieleza tangu 2020, kwamba vumbi la matairi lina kemikali ambayo mvua huisomba kutoka barabarani na kuwaua koho kwa muda wa saa chache, na kwamba maji hayo yakipitishwa kwanza katika mchanganyiko wa mchanga na mboji samaki hupona. Kichujio cha namna hiyo kinajengwa kwa fedha, na fedha ndizo walizokwenda kuomba watu ambao gazeti lenu limewakejeli.

Tena, kwenye Mto Duwamish, ambao ni sehemu ya chini ya mto wetu wa Green, yapo mabango ya lugha nyingi yanayotuonya tusile kaa wala samaki wanaoishi humo kwa sababu ya sumu ya viwanda, na salmoni, ambaye hupita tu, ndiye tunayeambiwa tumle. Onyo linatafsiriwa, lakini mwaliko wa mikutano ya kuamua fedha zitumike wapi hutufikia kwa Kiingereza peke yake. Halafu tunaambiwa kwamba salmoni ni shughuli ya watu wengine.

Ninaomba hivi: Bunge la Jimbo linapofungua kikao chake kirefu, Januari ya kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, chapisheni katika ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili, siku na saa ya kusikilizwa bajeti ya miradi ya ujenzi, pamoja na maelezo ya namna ya kujiandikisha ili kutoa ushahidi kwa njia ya video. Wajumbe watakaosafiri tena nao wamchukue mama mmoja kutoka majengo haya, na mkalimani wake, akawaeleze wabunge habari za kijito kilicho nyuma ya dirisha lake.

Msomaji wenu,
Tukwila, Jimbo la Washington